Gemu Ikimbie, Lakini Mlango wa Duka Usiachwe Wazi



Ilikuwa siku ya 20 ya Ramadhani, wakati ambao fundi wa nguo hapa Unguja hapati usingizi. Vitambaa vilikuwa vimejaa mpaka juu ya kabati, cherehani zote tatu zinakwenda, na kila anayepiga hodi anaulizia nguo yake ya Sikukuu. Katikati ya purukushani hiyo mteja wetu wa siku nyingi akapiga simu. "Dada, ile pesa ya kutanguliza mliyoniomba jana nimeshaituma. Lakini mbona mmebadilisha namba?"

Hatukuwa tumeomba pesa. Wala hatukuwa tumebadilisha namba.

Mpaka inaadhiniwa magharibi, wateja wengine wawili walikuwa wameshatuambia maneno hayo hayo. Mtu tusiyemjua aliingia kwenye ukurasa wetu wa biashara, akawaandikia wateja kwa jina letu, tena kwa lugha ya heshima kama tunavyoandika sisi. Kila mmoja alituma shilingi 60,000. Tuliwarudishia zote, jumla 180,000, kwa sababu wao walituamini sisi, hawakumuamini yeye. Ilikuwa faida yetu ya siku kadhaa za kukesha.

Baada ya futari mwanetu wa kidato cha tatu alikaa kimya, hata tambi hakugusa. Mwisho akasema, "Mama, naona ni mimi niliyesababisha."

Sisi wenye duka ni ndugu wawili wa tumbo moja, na watoto wetu tunawalea pamoja. Tuna laptop moja ya mtumba. Mchana ni ya duka: ndani yake mna vipimo vya wateja, oda, mahesabu na michoro ya taraza. Usiku watoto huifanyia kazi za skuli, na wakimaliza hucheza gemu ya mpira. Ndiyo hali ya nyumba nyingi tunazozijua. Kompyuta moja ina kazi tatu na watu sita, na neno la siri ni moja ambalo kila mtu analijua.

Gemu ilikuwa inakwama. Mchezaji anakimbia na mpira, mara picha inaganda, ikirudi mpira umeshapotea. Mwanetu akatafuta video ya kumfundisha, akafuata maelekezo yake hatua kwa hatua. Alifanya mambo matatu. Kwanza alizima ulinzi mmoja wa Windows unaoitwa Memory integrity. Pili aliiambia programu ya kuzuia virusi isiikague folda ambamo vitu vyote vinavyopakuliwa kutoka intaneti huingia. Tatu alipakua programu ya bure iliyodai kuongeza kasi ya prosesa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa mwizi, na ilipita kwenye mlango uliofunguliwa na hatua ya pili.

Tunaandika haya kwa sababu tunajua si sisi peke yetu. Maoni yetu ni haya: kijana kutaka gemu yake iende vizuri hakuna ubaya, lakini kompyuta iliyobeba mambo ya watu haifai kuondolewa ulinzi kwa ajili ya mchezo. Na sisi wazazi hatuwezi kulisema hilo kwa haki kama hatujui kinachozimwa ni kitu gani. Kusema "acha hayo magemu yako" si jibu. Mtoto atanyamaza, kisha usiku atazima tena.

Basi tulikaa naye, tukamwambia atueleze kama anavyowaeleza wenzake. Tukauliza na kwa fundi. Haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Gemu ni picha zinazopita mbio. Ili mchezo uonekane laini, kompyuta inatakiwa kuchora picha kama 60 kwa kila sekunde, yaani kila picha ina takriban milisekunde 16 tu. Kazi yoyote nyingine inayomshughulisha prosesa, ambaye ndiye ubongo wa kompyuta, inaweza kuichelewesha picha, na hapo jicho huona mkwamo.

Memory integrity ni mlinzi. Windows hujitengea chumba cha pembeni kilichofungwa, na ndani yake mlinzi huyo hukagua programu zinazotaka kuingia kwenye moyo wa mfumo, hasa zile programu ndogo zinazoendesha vifaa. Kazi yake ni kuzuia programu mbaya isijifanye mwenyeji. Ukaguzi huo una gharama yake, na hapo mwanetu hakusema uongo. Microsoft wenyewe mwaka 2022 waliwaandikia wacheza gemu wa Windows 11 kwamba wanaweza kuuzima ulinzi huo wakati wa kucheza ili wapate kasi. Lakini wakaongeza maneno ambayo ile video haikuyagusa: ukimaliza kucheza uuwashe tena, na ukiuzima kifaa chako kinaweza kuwa hatarini.

Gharama yenyewe haifanani kwa kila kompyuta. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7, na za AMD kuanzia Zen 2, zina uwezo maalumu wa kuifanya kazi hiyo kwa wepesi. Za zamani zaidi huifanya kwa kuiga, na hizo ndizo zinazolemewa zaidi. Ya kwetu ni kizazi cha 8. Kwa hiyo kijana wetu alimuondoa mlinzi ambaye wala hakuwa mzigo mkubwa.

Hatua ya pili ndiyo mbaya zaidi. Ukiitoa folda kwenye ukaguzi, inabaki hivyo mpaka mtu airudishe. Ukizima ulinzi wa papo kwa papo kwa ile swichi yake, Windows baada ya muda huuwasha yenyewe. Lakini folda uliyoisamehe haikaguliwi leo, kesho wala mwezi ujao. Na ile folda ya vipakuliwa ndiyo mlango wa mbele. Ni sawa na kumwajiri askari wa usiku kisha ukamwambia alinde dirisha la jikoni tu, mlangoni asikae.

Programu ya wizi ikishaingia haihitaji hata kuvunja kitu. Inachukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na pia zile alama zinazofanya ukurasa ukutambue bila kukuuliza neno la siri kila mara. Mwizi akizipata alama hizo anaweza kuingia kama wewe, hata kama umeweka uthibitisho wa kutumiwa namba kwenye simu. Ndivyo alivyoingia kwetu. Hatukupata ujumbe wa onyo hata mmoja.

Kuna na jambo la tatu ambalo video hizi hulifundisha. Namshukuru Mungu, kama asemavyo dada, mwanetu alikuwa bado hajalifikia. Januari 2018 watafiti walitangaza kasoro mbili kubwa zilizomo ndani ya prosesa zenyewe, wakaziita Meltdown na Spectre. Sisi tulizielewa kwa njia ya mkasi. Chukulia fundi mwenye haraka ambaye anaanza kukata kitambaa kabla mteja hajathibitisha mshono, kwa kukisia atataka nini. Akikisia sawa, ameokoa muda. Akikosea, vipande anavitupa chini na kuanza upya. Prosesa nazo hukisia hivyo ili ziwe na mbio. Kasoro ni kwamba mpita njia mwerevu anaweza kuvitazama vile vipande vilivyotupwa akajua kipimo cha mteja, yaani siri iliyokuwa ndani. Makampuni yalitoa marekebisho, na marekebisho hayo yalipunguza kasi kwa baadhi ya kazi. Ndiyo maana wapo wanaofundisha kuyazima. Kwa gemu nyingi faida yake ni ndogo, wakati unachokiacha wazi ni siri za ndani kabisa za kompyuta. Hilo halifai kuguswa katika kompyuta ya nyumbani wala ya duka.

Sasa turudi kwenye kilichotuumiza zaidi ya ile 180,000.

Dada zetu mnajua kazi ya ushoni. Bi harusi akija kupimwa gauni, anapiga picha chumbani kwetu, mbele, nyuma na ubavuni, ili aone mshono unavyokaa. Mara nyingi hana mtandio, kwa sababu tuko wanawake watupu na mlango umefungwa. Picha zile anatuachia tufanyie marekebisho. Zilikuwa kwenye laptop hiyo hiyo. Hatuna hakika kama mwizi alizichukua au alitaka pesa tu, na huenda hatutajua kamwe.

Vipimo vya mtu, picha yake na deni lake ni amana. Dini yetu haikutuachia nafasi ya kubishana juu ya amana, na haikusema kwamba amana ni dhahabu na fedha peke yake. Tumefundishwa pia kumfunga ngamia kwanza, ndipo tumtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tulikuwa tunasoma dua za kulilinda duka kila asubuhi, kisha laptop tunaiacha na neno la siri ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Lawama hiyo ni yetu kabla ya kuwa ya kijana.

Tulipompelekea fundi mmoja Darajani aisafishe, ndipo tulipopata aibu ya pili. Alifungua mfuniko wa chini, akatuita tutazame. "Dada zangu, hii haijashindwa na Windows. Imezibwa na pamba." Feni ilikuwa imevaa koti la nyuzi na vumbi la vitambaa, la rangi zote tulizoshona mwaka mzima. Tuliyaona hata manyoya ya lile khanzu la bluu la mwezi wa Shaaban. Laptop inakaa juu ya meza ya kukatia, mita moja kutoka cherehani, katika joto letu hili la Unguja. Hewa haipiti, prosesa inachemka, na prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza mbio yenyewe ili isiungue. Hapo picha inaganda na mpira unapotea. Mlinzi alifukuzwa kazi kwa kosa la feni.

Fundi aliifuta kabisa, akaweka Windows upya. Kwa kutumia simu ambayo haikuhusika, tulibadilisha maneno yote ya siri na kuziondoa kompyuta zote zilizokuwa zimeingia kwenye akaunti zetu. Ukurasa tuliupata tena baada ya siku kadhaa. Na gemu, ulinzi ukiwa umewashwa wote, ikaenda vizuri kuliko hata ile siku mwanetu aliyouzima.

Kwa hiyo tunasema, kabla hujagusa ulinzi, malizeni haya kwanza. Mengi hayana gharama na hakuna hata moja linalomhatarisha mtu.

Safisheni feni, hasa kwenye nyumba zenye cherehani, paka au barabara ya vumbi. Msiiweke laptop juu ya godoro wala mto, kwa sababu matundu ya hewa yako chini. Wakati wa kucheza ichomekwe kwenye umeme, kwani laptop nyingi hujipunguza nguvu zikitumia betri. Kwenye mipangilio ya umeme mchague utendaji wa juu mtoto anapocheza, kisha mrudishe ule wa kawaida. Washeni hali ya gemu iliyomo ndani ya Windows. Fungeni programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta ikiwaka, na kivinjari chenye kurasa 20 zilizo wazi. Ndani ya gemu yenyewe shusheni vivuli, ukali wa picha na watazamaji wa uwanjani, kisha muiwekee kikomo cha picha 30 au 60 kwa sekunde. Picha 30 zinazokwenda sawa ni bora kuliko 55 zinazoruka na kukwama.

Na kama laptop inachemka hata baada ya kusafishwa, kuna pahala pa kurekebisha prosesa bila kugusa ulinzi. Katika laptop nyingi, kwenye mipangilio ya kina ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa ukikishusha kutoka asilimia 100 hadi 99, ile mbio ya ziada huzimika. Kasi inapungua kiasi, lakini joto linashuka na mchezo unatulia. Ukitaka kuirudisha, unaandika 100 tena.

Kama mna uwezo wa kununua, ongezeni ramu. Laptop yenye GB 4 itahangaika hata ukiiondolea kila kitu. 

Tunajua wapo watakaosema kwamba wanazo kompyuta za gemu tu, hazina picha ya mtu, hazina akaunti ya benki wala barua pepe ya familia. Kwa hao hatuna ugomvi. Kijana mwenye mashine yake, anayejua anachozima na atakayewasha tena akimaliza, hajamdhulumu mtu. Lakini ajiulize kwa ukweli kama kweli haina kitu. Mashine iliyoingiwa hata na akaunti moja ya baba au mama si ya gemu tu tena.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wenyewe walitucheka tulipolisema, kisha wakalikubali. Gemu kubwa za siku hizi zinadai ulinzi uwashwe. Valorant kwenye Windows 11 inataka Secure Boot na TPM 2.0, la sivyo hauchezi. Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, nayo inataka Secure Boot. Wenye gemu wamechoka na wadanganyifu wanaoingiza programu zao kwenye moyo wa mfumo. Sasa kama mwenye gemu mwenyewe anataka kufuli liwe mlangoni, sisi wenye nyumba tunalitoa kwa nini?

Video au faili yoyote inayoanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi kabla ya kuifungua, ichukulieni kama mgeni anayebisha hodi usiku na kukuomba uzime taa kwanza. Gemu za wizi zinazopakuliwa bure ndizo zenye tabia hiyo zaidi. Na hapo pana swali jingine la halali ya kitu chenyewe, ambalo kila mzazi anaweza kulijibu nyumbani kwake.

Nyumbani kwetu tumeweka utaratibu mpya. Laptop sasa ina akaunti mbili. Ya duka ina neno la siri tunalolijua sisi wawili tu. Ya watoto ni ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuzima ulinzi wala kuingiza programu za mfumo. Mwanetu akitaka kubadilisha kitu, anakuja kusema anataka kuzima nini na kwa nini, na tunatazama pamoja. Mara mbili tumemkubalia. Mara moja tulikataa, naye akakubali. Picha za wateja hazikai tena kwenye laptop. Ziko kwenye flash iliyofungwa ndani ya kabati la vitambaa, na nguo ikichukuliwa picha zinafutwa mbele ya mwenyewe.

Kijana hatukumpiga wala hatukumtoa kwenye gemu. Ila alifuatana nasi kwenye nyumba za mabi harusi. Walikuwa saba. Tulipiga hodi nyumba baada ya nyumba, tukawaeleza kilichotokea na picha zilizokuwamo, tukawaomba radhi, yeye akiwa amesimama nje barazani. Sita walituombea kheri. Wa saba alitusikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na kitambaa chake na kusema atatafuta fundi mwingine. Ana haki yake.

Usiku wa leo, dada zetu, kabla hamjalala, ifungueni kompyuta ya nyumbani mtazame kwenye Usalama wa Windows kama kila alama ni ya kijani, na kama kuna folda iliyotolewa kwenye ukaguzi. Kisha mwiteni kijana, mumuulize gemu yake inakwama wapi. Sisi tulichelewa kumuuliza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie heshima zetu na za wenzetu. Wabillahi tawfiq.